Aliitikia kwa Kichwa

Sijui jina lako kwa sababu bado hujateuliwa. Najua tu kwamba siku moja, ofisi ikikumbuka, utaletwa kwenye kitengo cha viziwi cha shule yetu hapa Tunduma, utaonyeshwa darasa la mwisho kule nyuma ya jiko, na hakuna atakayekueleza chochote. Mimi nimestaafu juzi. Nilikuwa mwalimu wa mwisho kubaki hapa anayejua Lugha ya Alama, maana mwenzangu alishahamishiwa shule nyingine akazibe pengo la hisabati. Kwa hiyo nimeona nikuandikie mwenyewe kabla wenye ofisi hawajakuelekeza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo sikuvipata, na mshahara unaujua.

Mimi niliteuliwa kwa sababu ya sauti. Shule inapakana na barabara ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na mwalimu asiye na koo imara hapa huishia kufundisha injini. Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la tatu, na wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara walijua kila siku tumefika ngeli ipi. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliniita ofisini, akaniambia kwa uso wa mtu aliyefikiri sana: "Mwalimu Enes, kuna wale watoto wa kitengo. Hawasikii. Wewe Mungu amekujalia sauti, nimeona uende kule." Nilicheka, nikidhani ananitania. Alikuwa hatanii, na wiki iliyofuata nilikuwa nyuma ya jiko.

Siku ya kwanza niliingia nikasema "Hamjambo watoto" kwa nguvu zangu zote. Aliyejibu ni mpishi, kutoka jikoni, akasema hajambo na akaniuliza za kwangu. Watoto waliendelea na michoro yao. Mmoja tu ndiye aliyeinua macho, binti mdogo wa dawati la mbele, akanikagua kuanzia viatu mpaka kichwani kama mtu anayenunua mbuzi. Nilikuwa nimechomeka chaki nyuma ya sikio, mazoea yangu ya miaka mingi. Yule binti akaminya vidole viwili, akavipeleka nyuma ya sikio lake, akawageukia wenzake akawaonyesha. Mpaka wakati wa uji kitengo kizima kilikuwa kinaniita hivyo. Viziwi hawakuiti kwa jina ulilopewa na mama yako, wanakupa la kwao, na langu likawa Chaki ya Sikioni. Nimestaafu nalo. Nimezoea kuitwa kwa kiungo ambacho wanaoniita hawana kazi nacho.

Binti yule aliitwa Tabita, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Itaka. Mshike vizuri, maana nitarudi kwake, na yeye ndiye sababu ya haya yote.

Kuhusu mafunzo, nilipewa bango la herufi za vidole lililochanika, likaishia kwenye M. Sikuweza kutamka jina langu lote. Aliyenifundisha lugha ni Brayson, kiziwi mfanyabiashara wa vitenge sokoni, mtu mwenye majivuno ambayo sijapata kuyaona kwa mtu mwingine. Alivaa suti kwenye joto la saa nane. Alikuwa akivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, asubuhi na kurudi na mzigo, na wakati wenzake wanaosikia wanabishana nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kibemba, yeye alikuwa ameshapatana bei kwa mikono na anakunywa soda. Mama mmoja wa Kizambia alikuwa akifika dukani anamwambia "mukwai, muli shani", yaani hujambo kwa Kibemba, kwa mazoea, kisha anacheka, anamsalimia kwa alama. Brayson aliniambia mikono yangu inanuna. Aliniambia pia kwamba blauzi yangu ya maua makubwa inapiga kelele, haoni ninachosema. Tangu siku hiyo nimevaa rangi moja, nyeusi au bluu, na nusu ya mji ilidhani niko kwenye msiba usiokwisha.

Haya ya Brayson yachukue, yatakusaidia kuliko semina. Usisimame mbele ya dirisha, mwanga ukiwa nyuma yako wewe ni kivuli tu. Usishike mkoba. Uso wako ni nusu ya sarufi, kwa hiyo kama una tabia ya kukaa na uso wa mtu anayesubiri basi, utauliza maswali na yataonekana ni taarifa. Na usigeuze mgongo ukiwa unaongea, hata kama unaandika ubaoni. Hilo lilinichukua muda, maana chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu mzuri ni mgongo unaoandika.

Miaka ile kulikuwa na amri ya mikono chini. Mkubwa mmoja wa elimu alikuja kutufahamisha kwamba alama zinamfanya mtoto awe mvivu wa kuongea, na kwamba tuwazoeze watoto kusoma midomo na kutamka ba, be, bi. Fikiria vizuri jambo hilo. Watoto wasiosikia walipaswa kujifunza kwa njia ya kusikia, na wakishindwa walihesabiwa wagumu wa kuelewa. Wakitumia lugha pekee waliyokuwa nayo walichapwa mikononi, yaani kwenye ulimi. Mimi nilifunga mlango, tukaendelea na lugha yetu, na mpishi akawa anagonga sufuria kwa fimbo akimwona mkubwa anakuja. Sufuria ile niliisikia mimi peke yangu, na hiyo ndiyo faida ya pekee niliyoipata kutokana na masikio yangu pale kitengoni.

Sufuria haikusaidia siku aliyokuja mkaguzi, kwa sababu alipitia mlango wa nyuma. Alikaa kwenye kiti changu, akaniambia nifundishe kwa mdomo, aone. Nikafundisha kwa mdomo kuhusu mzunguko wa maji. Mvuke ukapanda, mawingu yakatanda, mvua ikanyesha, yote mdomoni mwangu. Watoto walinitazama kwa huruma. Mwisho mkaguzi akasimama, akawainamia, akauliza kwa sauti ya kuamshia wafu: "Mmeelewa?"

Tabita aliyekuwa mbele akamtazama, akaona uso umekaza, mdomo uko wazi na unasubiri. Akaitikia kwa kichwa. Wenzake wakaona Tabita ameitikia, nao wakaitikia, dawati kwa dawati, mpaka wale wa nyuma waliokuwa wanaangalia mjusi. Mkaguzi akafurahi. Akaniambia uelewa ni mzuri, hasa wa yule binti wa mbele, na kwamba apewe zawadi. Tabita akapewa kalamu ya rangi mbili. Nilimuuliza baadaye yule baba alisema nini. Akanijibu kwamba hajui, lakini meno yake ni machafu.

Niliona mambo ya namna hiyo mara nyingi mpaka nikaacha kushangaa. Mchungaji mmoja wa mahema alimvuta Brayson jukwaani akamwombea, akamshika masikio, akamtemea mate kidogo kwa bahati mbaya, kisha akamuuliza kama anasikia. Brayson akaitikia kwa kichwa, maana alikuwa na wateja wanamsubiri. Mkutano ukaripuka kwa vigelegele. Jumapili iliyofuata mchungaji akamkuta sokoni, akamwita kwa nyuma, asigeuke, na ikasemekana kwamba imani yake ilikuwa haba.

Siku hizo nikawa naitwa kila mahali. Hospitali, polisi, mpakani, harusini. Kwenye kila ofisi mtu alinitazama mimi na kusema, "Mwambie avue shati," ilhali mwenye shati amekaa mbele yake. Nilikuwa nawajibu kwamba wamwambie wenyewe, mimi ni mikono tu. Waliniona nina kiburi. Mara moja nilipelekwa mpaka Ivuna, kwenye familia ya wafugaji, kwa kijana ambaye ofisi fulani ilikuwa imesema hana lugha. Nilimkuta anabishana na mama yake kuhusu ng'ombe aliyepotea kule wanakochimbia chumvi, kwa alama walizozitunga wenyewe nyumbani, na kila nilichokielewa kilikuwa ni matusi safi yenye mpangilio. Nikarudi nikasema lugha anayo, ila hakuna aliyemuuliza mama. Waliniambia hilo ni suala la kitaalamu.

Sasa turudi kwa Tabita. Alimaliza shule, akarudi kwao, akaolewa kwenye kata nyingine ya Mbozi ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina wakwe huko. Mume wake, Yohana, alikuwa anasikia, na alikuwa mtu wa ajabu kwa sababu ndogo sana: alijifunza lugha ya mke wake. Alikuja kitengoni kwangu kila alipopata nafasi, anakaa na watoto wa chekechea, magoti yamefika kidevuni, anajifunza alama za matunda. Walipanda kahawa pamoja. Kisha Yohana akaugua ugonjwa mfupi, akafariki, na Tabita akabaki na binti yake mdogo na lile shamba.

Baada ya msiba ukoo ulikaa kikao, kama ilivyo kawaida. Shemeji yake, Lazaro, akasimama mbele ya wazee akamuuliza Tabita kama anakubali yeye Lazaro achukue shamba la marehemu. Akamwonyesha shamba kwa kidole, akajionyesha mwenyewe kifuani, akatikisa kichwa juu chini ili kumfundisha jibu. Tabita akaitikia. Wazee wakasema amekubali, wakala, wakaondoka. Mvua zilipoanza Lazaro aliingia na watu, wakaanza kung'oa mibuni ili apande parachichi. Tabita alisimama katikati ya mistari na jembe, hakuna aliyepita, na ndipo suala likafika baraza la kata lisuluhishwe. Akanitumia ujumbe wa simu. Ulikuwa na maneno matatu: "Chaki njoo kesho."

Nilienda. Nakuambia kweli, nilikuwa na hofu. Bila lile shamba Tabita hakuwa na mbele wala nyuma, angerudi Itaka akakae uani kwa kaka zake na mtoto wake, atumwe maji mpaka azeeke. Na sheria ya watu wote mle ndani ilikuwa moja, kwamba aliulizwa mbele ya mashahidi na akajibu.

Mwenyekiti wa baraza, mzee mmoja mpole aliyevaa koti zito, alinikaribisha vizuri sana, akaniambia nimejisumbua bure. "Mwalimu, mkalimani tunaye. Huyu Lazaro amekaa naye miaka, amemzoea huyu bubu."

"Kiziwi, Mwenyekiti," nikasema.

"Ndiyo. Huyo bubu kiziwi."

Nikamuuliza kama ni kawaida ya baraza kwamba anayedai shamba ndiye amsemee anayedaiwa. Akafikiri. Akasema si kawaida, lakini huyu si mtu wa kawaida. Lazaro alikuwa amekaa na kofia magotini, ametulia, na sikumwona kama mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeuliza akajibiwa alivyotaka, na hakuona sababu ya kuuliza tena.

Nilikuwa najiandaa kutoa hotuba yangu. Nilikuwa nayo nzuri, yenye haki za binadamu ndani, nimeifanyia mazoezi njiani kote mpaka dereva wa bodaboda akaniuliza kama nagombea. Lakini Tabita alinigusa mkono. Akaniambia kwa alama ndogo, chini ya meza: "Usitafsiri. Mwambie aniulize mwenyewe. Wewe funga mikono."

"Haitakusaidia," nikamjibu.

"Funga mikono, Chaki."

Nikafunga mikono. Nikamwambia mwenyekiti kwamba mama anaomba aulizwe na yeye moja kwa moja, bila mkalimani. Mwenyekiti akafurahi, akaona sasa tunaelewana. Akamgeukia Tabita, akapaza sauti: "Mama. Ulikubali kumpa shemeji yako shamba?"

Tabita akamtazama usoni kwa adabu, akaitikia kwa kichwa.

Lazaro akavaa kofia. Mimi sikuona mahali pa kutazama. Nilidhani amejizika mwenyewe mbele ya macho yangu na mikono yangu imekaa mapajani kama mikono ya mtu mwingine. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo afunge shauri.

Kwenye baraza kulikuwa na mjumbe mmoja mwanamke, mama mtu mzima anayeitwa Skola, ambaye mpaka wakati huo alikuwa anatafuna mahindi ya kukaanga tu. Alikuwa anamtazama Tabita. Akameza, akasema, "Mwenyekiti, naomba swali." Akamwinamia Tabita, akauliza kwa sauti ileile ya mwenyekiti, "Mwanangu, shemeji yako alikurudishia shamba lako?"

Tabita akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe ndiye mwenyekiti wa baraza hili?"

Akaitikia.

Watu waliokuwa wamejazana dirishani wakaanza kucheka. Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nje, "Muulize kama amemuoa mwenyekiti." Mama Skola hakuwa mtu wa utani, lakini aliuliza. Tabita akaitikia, kwa heshima, akamtazama mwenyekiti kama mke anavyomtazama mume wake kanisani. Mwenyekiti akavua koti.

"Sasa, huyu anajibu nini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anauliza kweli.

Tabita akanipigia ishara nifungue mikono. Aliongea polepole, akimtazama mwenyekiti na si mimi, na nilimtafsiri neno kwa neno kama nitakavyokuandikia hapa. "Sijui mmeniuliza nini. Tangu nikiwa mtoto, mtu anayesikia akifungua mdomo mbele yangu namwitikia. Nisipomwitikia anaongeza mdomo, uso unavimba, ananishika bega ananitikisa. Nikimwitikia anaridhika, ananiacha niendelee na kazi zangu. Shuleni nilipewa kalamu kwa kuitikia. Siku ya kikao nilikuwa nimelia mpaka nimeishiwa. Nilitaka watu watoke nyumbani kwangu. Nikaitikia, wakatoka."

Aliposema kalamu niliikumbuka, ya rangi mbili. Nilikuwa nalia kidogo, na kulia ni kosa la kiufundi kwa mkalimani, kwa sababu uso ni sarufi. Nilikuwa na hasira pia. Serikali ilijenga darasa, ikaajiri walimu, ikaleta wakaguzi, na kitu kimoja ambacho mtoto huyu alifundishwa mpaka akafaulu ni kukubali asichokijua.

Mwenyekiti akasema aulizwe upya, kwa lugha yake. Nikamuuliza. Tabita hakutumia kichwa kabisa. Alisimama, akasema kwa mikono yote miwili, kwa upana ambao hata wale wa dirishani walisogea nyuma: "Hapana. Mibuni ile niliipanda na Yohana. Kila mmoja naujua. Lazaro akitaka parachichi akapande kwake." Nilipotafsiri, Lazaro akavua kofia, akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mimi sikujua kama anaweza kusema hapana." Alikuwa anasema ukweli. Alikuwa ameishi jirani naye miaka yote ile.

Walikubaliana pale pale kwamba shamba libaki kwa Tabita na Lazaro apande upya mibuni aliyoing'oa. Mwenyekiti akafunga shauri, na kwa mazoea akamwinamia Tabita, akauliza kwa sauti kubwa, "Umeelewa?" Tabita hakuitikia. Aligeuka akatazama mikono yangu, akasubiri. Baraza zima likasubiri naye mpaka nilipomaliza kutafsiri, na hicho kimya kifupi ndicho ninachokikumbuka kuliko kitu kingine chochote katika kazi yangu.

Usidhani dunia ilibadilika. Habari zilisambaa, tukaitwa kwenye semina ya watendaji kuhusu haki ya lugha, na tulipata chai nzuri na maandazi. Kila mtendaji alitaka kujua alama ya cheo chake mwenyewe. Tulipofika kwenye alama ya "subiri, namwita mkalimani" muda ulikuwa umekwisha. Wiki ya viziwi ikaja, tukapewa fulana, na waandaaji wakakodi spika kubwa wakaigeuzia upande waliokaa viziwi ili wasipitwe na hotuba. Brayson aliweka mkono juu ya spika ile, akaniambia inatetemeka vizuri, labda mheshimiwa anasema jambo la maana.

Lakini Tabita hakuitikia tena kwa kichwa, na hilo ninalijua kwa sababu watu walianza kulalamika. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba yule mama wa kahawa amekuwa msumbufu, anakaa kwenye benchi, hataki kupokea dawa mpaka aelezwe. Nilipoitwa nilikwenda. Nikiwa sipo alisubiri, hata siku nzima, ameukumbatia mkoba wake, na kila aliyempigia kelele alimtazama tu. Baada ya muda viziwi wengine wakaanza kumwiga. Huo ndio usumbufu mzuri kuliko wote niliowahi kuuona katika mkoa huu, na nilikuwa na fahari nao kama vile nimeuzaa mimi.

Siku ya kuniaga shule ilinifanyia sherehe. Walinipa redio kubwa, na nilishukuru. Mgeni rasmi alitoka ofisi ya juu, mtu mchangamfu mwenye miwani, akasoma hotuba kuhusu mchango wangu. Viziwi walikuwa wamejaza safu mbili za mbele, Brayson kwenye suti, Tabita na binti yake, wanafunzi wangu wa zamani na wa sasa. Mkalimani hakukuwepo, kwa sababu mkalimani ndiye aliyekuwa anaagwa. Kwa hiyo nilisimama pembeni ya mgeni rasmi nikatafsiri sifa zangu mwenyewe. Aliposema mimi ni hazina isiyo na mbadala nilitafsiri, na Brayson akaniambia nisione aibu, nipanue mikono. Mgeni rasmi alisema serikali haitamwacha mtu nyuma. Nikatafsiri na hilo.

Kisha Tabita akainua mkono, akaomba nafasi. Alikuja mbele na mfuko wa kahawa ya shamba lake, akanipa, akanikumbatia. Halafu akamgeukia mgeni rasmi. Mimi nikasogea ili nitafsiri. Akanitazama, akaniambia, "Umestaafu. Funga mikono."

Nikafunga mikono. Tabita akamwuliza mgeni rasmi swali moja, taratibu, kwa alama safi, uso wake ukiwa swali kuanzia nyusi mpaka kidevu. Mgeni rasmi alimtazama kwa upole mkubwa. Aliona mikono imesimama, uso umekaza, macho yanamsubiri, na watu wote wanamtazama.

Akaitikia kwa kichwa.

Walimu wakapiga makofi. Safu mbili za mbele hazikupiga kitu. Brayson aliinama, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na Tabita akanigeukia akaniambia kwamba uelewa wake ni mzuri, apewe kalamu. Mgeni rasmi aliniuliza baadaye, wakati wa pilau, yule mama alikuwa anashukuru kuhusu nini. Nilimwambia amwulize mwenyewe. Hajamwuliza.

Wewe nakutafsiria, kwa sababu wewe ndiye jibu lake na bado hujafika. Alisema hivi: "Nina uvimbe kwenye titi. Alhamisi naenda hospitali. Nani atakuwepo?"

Alhamisi nilikwenda mimi, na redio yangu bado iko kwenye boksi. Wiki ijayo daktari atamwambia majibu, na nitakuwepo. Lakini mimi ni mzee, magoti yananiuma, na yeye ameshaapa hataitikia.